Pai za minsi zikikugomea: kuvuja, kulowa kitako, kukakamaa na kuchacha

Desemba yangu ya kwanza Uingereza, mwenzangu wa kazini alinisogezea kisahani chenye kipai kidogo kilichonyunyiziwa sukari, akaniambia hiyo ni pai ya minsi. Neno minsi nilikuwa nimeshalizoea buchani: ni nyama ya kusaga, kima. Basi nikauliza kwa adabu kama nyama yake ni halali. Chumba kizima kikaangua kicheko. Hamna nyama humo, mama, wakaniambia, ni zabibu na tufaha na viungo. Nikauma. Harufu ya karafuu ikanipeleka nyumbani Tanga mara moja. Halafu yakabaki mafuta yaliyoganda kwenye kaakaa, kama mtu aliyekunywa supu ya mifupa iliyopoa. Nikajisemea, hawa watu wanajitesa bure.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba pai ile haikuwa mbaya. Nilipewa ikiwa baridi, basi. Siku hizi ninaoka mwenyewe kila msimu, na kuanzia mwishoni mwa Novemba simu hazikauki: dada, zangu zimepasuka, dada, zangu hazitoki kwenye bati. Nimeyaandika hapa yale ninayoulizwa mara nyingi, pamoja na makosa yangu mwenyewe.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: minsi ni mchanganyiko wa zabibu kavu za aina mbili tatu, tufaha lililokunwa, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, sukari ya kahawia, viungo, mafuta ya figo za ng'ombe na, kwa kawaida, brandi. Hukaa kwenye chupa kwa wiki kadhaa, kisha hutiwa ndani ya unga wa siagi na kuokwa.

Onja kabla ya kulaumu unga

Usianze kwa kuuma. Ikate pai katikati kwa kisu chenye makali uitazame ubavuni. Kitako kiwe kimeiva na kuwa na rangi inayokaribia ya juu. Kikiwa cheupe na kinang'aa kama kimepakwa mafuta, hakijaiva hata kama kifuniko kimependeza. Angalia pia uwazi kati ya minsi na kifuniko. Uwazi mdogo ni kawaida, kwa sababu minsi huumuka ikichemka, kisha hushuka. Pango kubwa lina maana mbili tu: ulijaza kidogo mno, au minsi ilichemka ikakimbia.

Kisha onja kwa mpangilio: kitako peke yake, minsi peke yake, kifuniko mwisho. Watu huanza juu kwenye sukari, na sukari ile inasitiri mengi. Kitako kikinata kwenye meno kama ugali ambao haukuiva, shida ni joto la chini. Kikiwa kigumu cha kuvunjika kama biskuti ya zamani, shida ni mikono yako. Minsi ikiwa tamu bila ladha nyingine yoyote, oveni haina kosa.

Mafuta yanaganda mdomoni

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililonipata mimi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 35 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo wa binadamu, ndiyo maana ikifika ulimini inapotea. Mafuta ya figo za ng'ombe ni magumu zaidi, yanataka nyuzi 45 au zaidi. Pai ikiliwa baridi, mafuta hayo hayana namna ya kuyeyuka mdomoni, yanabaki kama nta ya mshumaa.

Dawa ni kuipasha: oveni nyuzi 160, dakika nane hadi kumi, kisha iache dakika tatu kabla ya kula kwa sababu sukari ya ndani huunguza ulimi vibaya. Maikrowevu hapana. Hupasha minsi mpaka inatokota huku unga ukilegea kama mkate uliolowa. Kama unatengeneza minsi mwenyewe na hupendi kabisa ule mgando, tia siagi iliyogandishwa na kukunwa badala ya mafuta ya figo. Ila minsi ya siagi iweke kwenye friji na uitumie ndani ya wiki mbili hivi. Haikai miezi kama ile ya kale.

Pai zimevuja na kung'ang'ania bati

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Minsi ina sukari, ina maji ya tufaha, ina mafuta. Oveni ikishapata moto, kile kijiko kimoja ulichotia kinatokota, na mvuke unatafuta pa kutokea. Usipouachia tundu juu, utapenya ubavuni pale kifuniko kinapokutana na kitako, na hautoki peke yake, unabeba shira. Shira ikigusa bati la moto inakuwa halua, kisha gundi, kisha mkaa.

Sababu ya kwanza, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni ukarimu. Tumezoea kwamba kitafunio kisichojaa ni cha aibu. Kwenye pai ya minsi kipimo ni kijiko cha chai kilichojaa, si cha mezani, na minsi iishie milimita chache chini ya ukingo. Jikoni itaonekana imepunjwa, lakini ikishaokwa utaona inatosha.

Ya pili ni ukingo mchafu. Aliyewahi kukunja sambusa anajua: mahali pa kugandisha pakiguswa na mafuta, hapashiki. Minsi ikipaka ukingo hata kidogo, ufute kwa kidole chenye maji kabla ya kuweka kifuniko. Paka maji au maziwa kidogo, bonyeza pembeni kwa vidole, halafu toboa juu mara mbili kwa ncha ya kisu.

Ya tatu ni minsi yenye majimaji mengi. Minsi nyingine za chupa za bei rahisi ni kama jemu: inua kijiko uone, kama inadondoka kwa utepe mwembamba, ichuje dakika kumi kwenye chujio, au changanya kijiko kimoja cha mezani cha lozi za kusaga kwa kila gramu 200. Chembe za mkate mkavu nazo zinafanya kazi ileile.

Ya nne ni oveni isiyo na moto wa kutosha. Unga unalainika kabla haujashika, ukingo unafunguka, minsi inapita. Mimi naoka nyuzi 200, au 180 kama oveni ina feni, dakika 18 hadi 22.

Kama zimeshavuja, usizichokoe kwa kisu zikiwa za moto, maana unga wa moto hauna mifupa. Subiri dakika tano, halafu zungusha kila pai taratibu ndani ya kishimo chake wakati shira bado laini. Ukisahau mpaka bati limepoa, lirudishe ovenini dakika mbili, shira italainika tena. Mwaka mmoja sikujua hilo. Nilivunja tisa kati ya kumi na mbili, tukazila kwenye mabakuli kwa kastadi ya moto, na wageni wakadhani ndivyo zinavyoliwa. Tangu siku hiyo naweka ukanda mwembamba wa karatasi ya kuokea chini ya kila pai, ncha zake zikijitokeza pande mbili. Pai zikishaiva unashika ncha unainua.

Kitako kimelowa

Waingereza wanakiogopa kitako kilicholowa kuliko mvua. Kwa kawaida kosa halimo kwenye unga. Ni kwamba moto wa chini haukufika kwa wakati: juu pameiva dakika ya 15, ukaona rangi nzuri, ukatoa, kumbe chini bado ni kinyunya.

Washa oveni mapema, dakika 20 nzima, ukiwa na trei bapa nzito ndani yake kwenye rafu ya chini. Pai zako zikiwa tayari kwenye bati la vishimo, liweke bati hilo juu ya ile trei iliyokwisha pata moto. Kitako kinashtuka mara moja na kuanza kuiva kabla maji ya minsi hayajapenya. Hakuna mbinu nyingine inayoleta tofauti kubwa kama hii, nami ningeanza na hii hata kabla ya kununua bati jipya. Bati lenyewe liwe la chuma chembamba cha rangi nyeusi. Yale ya silikoni yanatoa pai kirahisi sana, lakini hayapeleki moto, na kitako chake hubaki kama kimekanzwa na mvuke.

Oveni nazo hudanganya. Ya nyumba niliyopanga zamani ilikuwa ikiandika 200 huku ndani ni 180. Nilibadilisha unga, siagi, hata minsi, nisijue. Kipimajoto cha oveni kinauzwa bei ndogo na kinaning'inia kwenye rafu. Kingeniokolea Desemba mbili.

Kuna kitako kinacholowa baada ya kuiva vizuri. Pai zikiachwa ndani ya bati hadi zipoe, mvuke wake unageuka maji chini yake. Zitoe baada ya dakika tano hadi kumi, uziweke juu ya waya zipate hewa pande zote. Ukizifunga kwenye kopo zikiwa na uvuguvugu, unazinyeshea mvua ya ndani. Na usiziunde asubuhi ukaziacha mezani hadi jioni ndipo uoke: minsi inatoa maji, unga unayanywa. Ukitaka kuziunda mapema, zigandishe mbichi kwenye friza, kisha ziokwe moja kwa moja bila kuyeyushwa, ukiongeza dakika tano au zaidi.

Kitako kilicholegea kidogo kinaokoleka. Toa pai kwenye bati, zipange juu ya trei bapa yenye moto, zifunike juu kwa karatasi ya foili, nyuzi 190, dakika sita hadi nane. Kilichokwisha kunywa shira hakiokoleki. Kifiche chini ya kastadi.

Unga umekakamaa, au umesinyaa, au umeyeyuka

Mikono yetu imefundwa kukanda. Chapati inataka kukandwa, maandazi yanataka kukandwa, na mama aliyekufundisha alikupima kwa nguvu za bega. Unga wa pai unataka kinyume chake. Ngano ikikutana na maji, gluteni inaanza kujifunga nyuzinyuzi, na kila unapokanda unazidi kuzikaza. Ndizo zinazoifanya chapati ivutike. Kwenye pai, ndizo zinazofanya kitako kikatwe kwa msumeno.

Kipimo changu cha pai 16 hadi 18: unga wa ngano gramu 350, siagi baridi gramu 175, sukari ya unga gramu 50, chumvi kidogo, kiini kimoja cha yai, maji ya barafu vijiko viwili hadi vitatu vya mezani. Sugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, si viganja, mpaka ufanane na chenga za mkate. Tia kiini na maji, kusanya. Ukishashikamana, acha. Utaonekana haujakamilika, una mabaka, na mkono utawasha kutaka kuuponda. Uachie. Ufunge kwa plastiki, friji nusu saa.

Pumziko hilo la friji ndilo linalozuia kusinyaa. Unga uliosukumwa bila kupumzika unajivuta kurudi ulikotoka, na ovenini unashuka kwenye kuta za kishimo ukiiacha minsi wazi. Vilevile usiuvute kuulazimisha ufike ukingoni. Ukiwa mfupi, kata duara kubwa zaidi. Kwa bati la kawaida la vishimo vya kina kifupi, sentimita 8 kwa kitako na 6.5 kwa kifuniko hutosha, unene milimita 3. Ukizidi 4, kitako hakitaiva kwa wakati.

Aina ya unga ina neno lake. Uingereza chukua unga wa kawaida, si wa mikate. Kwa walioko nyumbani, unga unaouzwa kwa ajili ya chapati mara nyingi una nguvu kupita kiasi kwa pai. Toa vijiko vitatu vya mezani, weka badala yake wanga mweupe wa mahindi, ule wa kukolezea kastadi.

Wifi yangu wa Mombasa alijaribu mwaka juzi, akanipigia video akiwa amekaribia kulia. "Wifi, huu unga umekuwa supu." Nikatazama nyuma yake, feni inazunguka, dirisha limejaa jua. Kwa Desemba ya pwani, jikoni kunafika nyuzi 30 na zaidi, siagi inayeyuka hata kabla hujaishika vizuri. Siagi ikiyeyuka kabla ya oveni, unga unainywa, na badala ya pai inayomong'onyoka unapata kitu cha mafuta na kigumu kwa pamoja. Nilimwambia hivi: oka alfajiri. Unga, bakuli na kisukumio vilale kwenye friza usiku kucha. Siagi igandishwe, ikunwe kwa kikunio cha karoti. Nusu ya siagi badilisha na mafuta mgando, ambayo yanavumilia joto zaidi, ingawa ladha inapungua kidogo. Sukuma katikati ya vipande viwili vya plastiki, na kila unapohisi unga unateleza, urudishe kwenye friji dakika 15 bila kubishana nao. Pai zikishaundwa, friza nusu saa, ndipo zikutane na moto. Zilitoka vizuri. Umbo lake lilikuwa la kujitegemea, lakini ladha ilikuwapo.

Unga unaopasukapasuka ukisukumwa una maji machache au umetoka kwenye friji sasa hivi. Subiri dakika tano kwanza, kabla ya kukimbilia maji.

Minsi haina ladha

Minsi ya chupa karibu yote ni tamu mno kwa ulimi wangu, na viungo vyake vimelala. Usiionje baridi, maana baridi inaficha viungo. Pasha kijiko kimoja, onja, kisha rekebisha chupa nzima. Kwa chupa ya gramu 400 mimi naongeza ganda la limau la kijani likunwe, maji ya nusu ya limau hilo, nusu ya tufaha kali lililokunwa na kukamuliwa hadi likauke, na punje chache za chumvi. Chumvi usiidharau. Inafanya kazi kuliko kiungo chochote.

Kisha viungo. Kungumanga ikunwe palepale. Ile ya unga iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi imeshakuwa vumbi. Basibasi ni lile gamba jekundu linaloikumbatia kungumanga, ladha yake ni nyepesi na inakaa vizuri na machungwa. Mdalasini kiasi. Karafuu kwa hofu: karafuu mbili zilizotwangwa zinatosha chupa nzima, kwa sababu ina mafuta yanayotia ganzi, yaleyale yanayotuliza jino bovu, na ulimi uliotiwa ganzi hauonji kingine. Ukizidisha, hakuna namna ya kuitoa. Changanya na chupa nyingine ya minsi isiyo na nyongeza. Waingereza hawatii iliki. Mimi natia, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani.

Kwa wanaoona mchanganyiko huu wa zabibu na karafuu ni wa kigeni, kumbukeni zabibu kwenye pilau na biriani. Hapo zamani jamaa hawa nao walikuwa wakitia nyama kwelikweli. Mapishi aliyoyachapisha mwandishi Mwingereza Gervase Markham mwaka 1615 yanaanza na paja la kondoo, mafuta yake, karafuu, basibasi, zabibu, tende na maganda ya machungwa. Isabella Beeton, mwandishi wao maarufu wa mapishi, mwaka 1861 bado alitoa mapishi mawili, moja lenye nyama ya ng'ombe na jingine lisilo nayo, na lisilo nayo ndilo lililoshinda. Yale mafuta ya figo ni mabaki ya nyama iliyoondoka, na jina likabaki mlangoni kumchanganya mgeni kama mimi. Na kwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia, si ajabu pua yangu iliitambua siku ile.

Chupa inatoa mapovu

Umetengeneza minsi Oktoba, Desemba unafungua kifuniko kinasema "psss", ndani kuna vipovu na harufu kama ya togwa iliyopitiliza. Imechacha. Aliyefanya hivyo ni tufaha: maji yake yanachanganyika na hamira za asili zilizomo kwenye matunda, na kama sukari au pombe ni kidogo, zinaanza kazi. Watu husema uichemshe uitumie. Mimi naitupa. Ikiwa na ukungu wa rangi yoyote, usikwangue juu ukala chini, itupe yote.

Kinga yake ni nzuri na rahisi. Changanya kila kitu isipokuwa brandi, acha usiku mmoja, kisha funika kwa foili uiweke ovenini kwa moto mdogo sana, nyuzi 110 hadi 120, kwa saa tatu. Mafuta ya figo yanayeyuka na kuvika kila kipande cha tufaha, na joto linatuliza ule uchachu. Ikitoka itaonekana inaelea kwenye mafuta, usiogope. Ikoroge mara kwa mara inapopoa ili mafuta yashike matunda na yasigande juu kama kifuniko. Ndipo utie brandi, kama unatia, na ufunge kwenye chupa zilizochemshwa.

Ikiwa kavu, kinyume chake, tatizo ni dogo: kijiko cha maji ya machungwa au chai nzito, koroga, iache saa moja.

Ni halali au siyo?

Hili si kosa la uokaji, lakini simu zinazohusu hili ni nyingi kama za kitako. Pai za dukani zina mitego miwili, na watu hutazama mmoja tu. Wa kwanza ni mafuta ya figo, ambayo ni ya ng'ombe ambaye hujui alichinjwaje. Wa pili ni pombe: brandi, ramu, sheri, saa nyingine sida. Alama ya kwamba pai inafaa kwa wasiokula nyama inakutoa kwenye mtego wa kwanza tu. Brandi inaweza kuwamo palepale chini ya alama hiyo. Soma orodha yote mpaka mwisho, pamoja na ladha zilizoongezwa. Na usitegemee maneno kwamba pombe yote huruka ovenini. Kwa dakika 20 ndani ya pai iliyofunikwa, sehemu inabaki.

Nyumbani, badala ya brandi tia maji ya machungwa au chai ya rangi iliyokolea, na badala ya mafuta ya figo yale ya mimea yanayouzwa yakiwa yamekunwa tayari, mengi yake ya mawese. Angalia jambo moja: mafuta hayo ya paketi, ya mimea na ya ng'ombe pia, hupakwa unga ili yasigandamane, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Mgeni asiyekula ngano hatasaidika hata ukimtengenezea ganda la unga wa mchele. Minsi isiyo na pombe ikae kwenye friji, usiipe miezi.

Vidogo vidogo

Sukari ya juu imepotea: uliinyunyiza pai zikiwa za moto, ikayeyuka. Subiri zipoe, au nyunyiza dakika ya mwisho kabla ya kupeleka mezani.

Kifuniko cha nyota kimezama: minsi ilikuwa kidogo, nyota ikakosa pa kukaa. Nyota haihitaji tundu, mvuke unapita pembeni, kwa hiyo kwa anayeanza ndiyo rahisi kuliko kifuniko kizima.

Juu pameungua huku chini pakiwa sawa: sukari nyingi kwenye unga, au ulipaka yai lililokuwa zito. Paka maziwa.

Pai za juzi zimelegea: kopo lisilobana sana, siku tatu hadi nne, na kupashwa kabla ya kula. Wapo Waingereza wanaokula moja kila siku tangu Krismasi hadi tarehe 5 Januari, kumi na mbili kwa jumla, kila moja ikiwa heri ya mwezi mmoja wa mwaka unaokuja. Anayefuata hayo na aoke mara mbili, maana pai ya siku ya kumi na mbili iliyookwa siku ya kwanza haina heri yoyote.

Na usiku wa tarehe 24, watoto wa majirani zangu humwachia Baba Krismasi pai moja na glasi sebuleni. Kama nyumba ina mbwa, iwekwe juu mahali asipofika. Zabibu, hasa zilizokauka, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hata chache zimewahi kumdhuru. Akishaila, usikae kusubiri atapike ndipo uamini: mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, umwambie uzito wa mbwa na amekula pai ngapi.